Nyati wangu hutoka kama mawe meusi kwenye picha: tatizo ni lenzi au ni mimi?

Mgeni wa Lerai

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Mwezi uliopita nilipata nafasi ya kushuka katika kreta ya Ngorongoro pamoja na familia yangu, na tulibahatika kumwona karibu kila mnyama tuliyemtamani isipokuwa chui. Nilirudi na picha zaidi ya mia tisa. Pundamilia wametoka vizuri, simba waliolala kando ya barabara wametoka vizuri, na hata ngiri aliyepiga magoti akila nyasi ametoka vizuri kiasi cha kutundikwa ukutani. Aliyenishinda ni nyati. Tulikuta kundi kubwa likilisha kwenye nyasi zilizokauka, saa sita na nusu mchana, nami nikapiga picha zisizopungua sitini. Zote zinafanana: nyasi zinapendeza, anga linapendeza, na katikati kuna mabonge meusi yasiyo na jicho, yasiyo na pua, yasiyo na hata unyoya mmoja. Mwanangu wa miaka saba aliziangalia akaniuliza kwa nini nilipiga picha za mawe.

Kamera yangu ni ya daraja la kati, yenye kihisi kidogo cha megapikseli 24, na lenzi ni ya milimita 70 hadi 300. Rafiki yangu anashikilia kwamba asiye na lenzi ya milimita 600 ni afadhali anunue postikadi. Dereva wetu naye alikuwa na mbinu yake: alipoona nyati hawainui vichwa, alipiga ubavu wa mlango kwa kiganja na kutoa mluzi. Kweli waliinua vichwa, lakini papo hapo wakageuka na kukimbia, na nilichoambulia ni makalio na vumbi.

Mwezi ujao nitakuwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha kwa siku moja, kisha Tarangire kwa siku mbili. Naomba wenye uzoefu mnieleze kama ninunue lenzi kubwa, kama kuna namna ya kuipanga kamera ili nyati aonekane kuwa mnyama, na kama matembezi ya miguu kule Arusha yanafaa kwa picha za nyati au ni kujitafutia matatizo.

Lenzi Kuukuu

Ndugu Mgeni wa Lerai, karibu sana. Fedha ya lenzi iache ilipo kwanza.

Kamera haijui nyati ni nini. Mita ya mwanga iliyomo ndani yake imetengenezwa kwa dhana moja, kwamba weusi na weupe wote uliomo kwenye fremu ukichanganywa hutoa kijivu cha wastani, na kila inachokiona hujitahidi kukifikisha kwenye kijivu hicho. Ndiyo maana nyati akijaza fremu, kamera hudhani imeingia gizani, huongeza mwanga, na matokeo yake ni nyati wa rangi ya majivu mwenye matope yaliyopauka; na kama ana yangeyange mgongoni, yule ndege mweupe, ndege huyo huungua akabaki kama tundu jeupe lililotobolewa kwenye picha. Dawa iko kwenye kitufe cha kurekebisha mwanga, chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ambacho wengi wetu hukaa na kamera miaka mitano bila kukigusa. Kishushe hadi kutoa theluthi mbili ya hatua ya mwanga, au kutoa hatua moja kamili, na weusi wa nyati utarudi kuwa weusi.

Kasi ya shata nayo iangalie. Kanuni ya zamani inasema kasi isipungue urefu wa lenzi, yaani lenzi ya milimita 300 isipigwe chini ya 1/300 ya sekunde, na kwa kihisi kidogo kama chako urefu huo huzidishwa kwa takriban moja na nusu. Hivyo milimita 300 zako zinakuwa kama 450, na usishuke chini ya 1/500 hata kama nyati amesimama kama gogo. Akikimbia, panda hadi 1/1600 na kuendelea, na uiache ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, ipande inavyotaka. Chengachenga za ISO 1600 zinasameheka, lakini jicho lililotikisika halina dawa.

Mama Mbega

Shikamoo Mzee Lenzi Kuukuu. Nimejifunza mengi katika maandiko yako, na kwa heshima zote naomba nipinge, kwa sababu ushauri wa kutoa moja utamharibia ndugu yetu picha zaidi ya zilivyoharibika.

Tuyasome tena maelezo yake. Nyati walikuwa mbali, wameenea kwenye nyasi kavu, jua la saa sita na nusu liko utosini, na lenzi yake inaishia milimita 300. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya fremu ilijaa nyasi zinazong'aa pamoja na anga, na nyati walichukua pengine sehemu ya kumi tu. Kamera iliona weupe mwingi, ikadhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Nyasi zikapendeza, na nyati, ambao tayari ni weusi, wakazama. Yeye tatizo lake ni kinyume cha lile ulilolieleza. Kwa picha kama zile alipaswa kujumlisha theluthi mbili, hata moja kamili, na kukubali nyasi zipauke kidogo.

Mimi nililijua hili kwa kuteseka na mbega, ambaye jina lake nimelibeba humu. Mnyama yule ana manyoya meusi tii na mengine meupe pe katika mwili mmoja, halafu hukaa kwenye matawi huku nyuma yake kuna anga tupu. Kila mara niliyoiachia kamera iamue yenyewe ilinipa kivuli chenye mkia. Nilikuja kuelewa kwamba kinachoamua ukubwa wa marekebisho, na hata kama ni kujumlisha au kutoa, ni kile kilichomzunguka mnyama kuliko rangi ya mnyama mwenyewe. Nyati yuleyule mmoja, asubuhi moja, anaweza kutaka kujumlisha akiwa mbali kwenye nyasi, kutotaka chochote akiwa nusu ya fremu, na kutaka kutoa akija dirishani.

Jambo la pili ni aina ya faili. Kama kamera yako imepangwa kuandika JPEG peke yake, yaani picha ambayo kamera imekwisha kuibana, ibadilishe iandike faili ghafi, ile ambayo kwenye menyu imeandikwa RAW. Katika faili ghafi weusi wa nyati huwa bado una taarifa ndani yake, na ukiketi kwenye kompyuta unaweza kuuinua hadi mikunjo ya shingo na vipele vya pembe vionekane. JPEG huwa imekwisha kuzitupa nyingi. Lakini weupe uliokwisha kuungua hauna marejeo hata kwenye faili ghafi, kwa hiyo washa ile grafu ya mwanga na uangalie upande wake wa kulia, ule wa weupe, kila unapojumlisha.

Lenzi Kuukuu

Marahaba binti yangu. Umenipata. Nilijibu swali la nyati ninaowapiga mimi, ambao kwa kawaida huwa wamejaza fremu, badala ya kulisoma swali lililoulizwa. Mgeni wa Lerai, kwa zile picha za kundi la mbali fuata maneno ya Mama Mbega. Ya kwangu yatunze kwa siku ile dume mzee atakapotokea kichakani mita kumi na tano kutoka barabarani, na siku hiyo haiko mbali ukienda Tarangire.

Niongeze neno kuhusu lenzi ya milimita 600, kwa kuwa hakuna aliyeligusa. Saa sita mchana ardhi hufuka joto, na kati yako na mnyama huwa kuna mazigazi yanayochezacheza. Lenzi kubwa huyavuta mazigazi hayo pamoja na mnyama. Nimewahi kuazima lenzi ya namna hiyo, nikapiga kundi la nyati lililokuwa mbali sana mchana wa kiangazi, na picha zilitoka kama zimepigwa chini ya maji. Nilidhani lenzi ni mbovu mpaka nilipoijaribu kesho yake alfajiri. Mnyama aliye karibu kwa lenzi ndogo hutoka safi kuliko aliye mbali kwa lenzi kubwa. Isitoshe, megapikseli 24 ni nyingi: ukikata picha ukabakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, bado una megapikseli 6, ambazo zinatosha kuchapa kwa ukubwa wa karatasi ya A4 bila aibu.

Njia ya Vumbi

Wakuu, mimi siyo mpigapicha. Ni dereva wa kuongoza watalii kwa mwaka wa kumi na nne sasa, na nimewapeleka wapigapicha wengi kwenye nyati kiasi kwamba nimejifunza wanachokitaka kabla hawajasema.

Nianze na mwenzangu aliyepiga mlango. Ninaona aibu kwa niaba yake. Kumsumbua mnyama ili ageuke ni kosa katika hifadhi, na hata tukiziweka sheria kando, ni ujinga wa kazi, kwa sababu nyati akishtuliwa huinua kichwa sekunde chache tu kisha huondoka na kundi zima humfuata. Kinyume chake, ukizima injini na kunyamaza, baada ya dakika kumi au kumi na tano wale walioinua vichwa gari lilipofika hurudi kulisha, na baada ya hapo huanza kuja wenyewe. Nyati ni mdadisi. Huja hatua mbili, husimama, huinua pua juu akinusa, huja tena hatua mbili. Ile pua iliyoinuliwa ndiyo picha yenyewe, na hakuna mluzi unaoileta.

Kuzima injini kuna faida nyingine. Injini ya dizeli ikinguruma, gari zima hutetemeka, na mtetemo hufika mpaka kwenye lenzi iliyolazwa dirishani. Ninabeba vifuko viwili vya kitambaa kizito nilivyovijaza maharage, mgeni anakilaza kifuko kwenye kingo ya dirisha, anaiweka lenzi juu yake, na mkono wake unapumzika. Wageni huja na vifuko vitupu kutoka kwao na kununua maharage hapa, kisha siku ya mwisho wanampa mpishi wa kambi.

Halafu kuna suala la paa. Kila mgeni akimwona mnyama husimama kwenye paa lililoinuliwa, nami ninaelewa, kuna upepo na unaona mbali. Lakini kutoka pale unampiga nyati picha ya mgongo. Nyati mkubwa ana kimo cha kama mita moja na nusu begani, na akiwa analisha kichwa chake huwa chini zaidi ya hapo. Dirisha la Land Cruiser liko karibu kabisa na usawa wa macho yake akiinua kichwa. Kaa kwenye kiti, tumia dirisha, na ghafla yule mnyama anakuwa mkubwa kwenye picha kama alivyo mkubwa mbele yako. Paa liache kwa ajili ya kundi kubwa, pale unapotaka kuonyesha migongo mia mbili inayoishia kwenye upeo wa macho.

Kuhusu muda, nyati hunywa maji kila siku na hakai mbali nayo. Kwenye joto kali hujilaza kivulini na kucheua, na hapo hakuna picha, kuna taya linalozunguka tu. Tarangire wakati wa kiangazi mwambie dereva wako muwe kwenye kinamasi cha Silale au kando ya mto kabla ya saa tatu asubuhi, na mrudi kuanzia saa kumi jioni. Dereva mzuri hatakimbilia kundi lilipo. Ataangalia linakoelekea, atatangulia kwa barabara iliyopo, atageuza gari ili jua liwe nyuma ya bega lenu, atazima injini na kusubiri. Hilo la barabara iliyopo nalitilia mkazo kwa sababu kuna wageni wanaomtolea dereva noti ili akate nyasi asogee mita ishirini. Akikamatwa, faini na kufungiwa ni vyake, mgeni anakuwa ameshapanda ndege.

Mwambie dereva wako mapema, usiku wa kabla, kwamba unataka nyati na unataka kusubiri. Tusipoambiwa tunadhani kila mtu anataka simba, na nyati tunampita tukinyoosha kidole.

Simu Yangu Tu

Samahani kwa kuingilia. Mimi sina kamera, nina simu pekee, na nitakuwa Mikumi wiki ijayo. Je, haya yote yananihusu?

Mama Mbega

Yanakuhusu zaidi, kwa sababu simu ina lenzi fupi na nyati wako atakuwa mdogo kwenye fremu karibu kila mara. Gusa kioo mahali alipo nyati, na ukiona alama ya jua pembeni ya kidole, iburute juu mpaka uanze kuona jicho. Usikuze kwa vidole viwili kupita kiwango cha lenzi ya simu, kwani kuanzia hapo simu inabuni tu. Ukiwa na darubini, weka kioo cha lenzi ya simu sawasawa kwenye kioo cha kutazamia. Inahitaji subira na mkono usiotetemeka, lakini nimeona picha nzuri za twiga zilizopigwa hivyo. Na usimsahau nyati mdogo kwenye nchi kubwa: kundi chini ya mawingu ya mvua, kwenye uwanda wa Mkata pale Mikumi, halihitaji lenzi ndefu kabisa.

Mzee wa Momella

Nimesoma kwa utulivu mpaka hapa, na kwa kuwa swali la matembezi ya miguu halijajibiwa, nitalijibu mimi. Nilikuwa askari wa wanyamapori kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na njia za Hifadhi ya Arusha nimezikanyaga kuliko nilivyokanyaga shamba langu.

Matembezi ya kwenda maporomoko ya Tululusia, pamoja na siku ya kwanza ya kupanda Mlima Meru kutoka lango la Momella hadi kibanda cha Miriakamba, hupita mahali ambapo nyati hulisha. Ndiyo sababu hakuna anayeruhusiwa kwenda bila askari mwenye bunduki. Mara nyingi utawaona nyati kwenye uwanja wa wazi wakiwa wametulia, na askari atasimamisha msafara ili mpige picha. Picha za hapo ni nzuri kuliko za garini, kwa sababu macho yako yako chini zaidi, na nyuma ya nyati una mlima badala ya gari la mwenzako.

Lakini elewa kitu kimoja kuhusu nyati wa miguuni. Kundi la majike na ndama likikunusa huwa linakimbia. Asiyekimbia kwa hakika ni dume mzee aliyejitenga, peke yake au wawili watatu, kwa sababu hana kundi la kumlinda na mbio zake zimepungua. Yeye hujilaza kichakani na kusubiri kuona utafanya nini. Utamjua dume kwa pembe zake, zilizoungana juu ya kipaji na kuwa kama kofia ya chuma. Jike hana ule unene. Akiwa mzee sana, manyoya ya usoni huwa yamepukutika, masikio yamechanika, na mwili umekauka matope. Wapigapicha wanampenda huyo kuliko wote, nami ninawaelewa.

Nilimwongoza mgeni mmoja aliyekuwa na kamera nzuri sana. Tulisimama, akapiga, kisha akaona tawi limeingia mbele ya mnyama wake. Akapiga hatua tatu kando ili tawi liondoke. Hatua tatu tu, bila kuniambia. Kwenye kichaka alichokikaribia kulikuwa na dume la pili limelala, ambalo mimi nilikuwa nimeliona na yeye hakuliona kwa kuwa jicho lake lilikuwa ndani ya kamera. Nilijua lipo kwa sababu shashi wawili, wale ndege ambao wengine huwaita askari wa kifaru, waliruka kutoka kwenye kichaka kile wakilia kwa ule mlio wao wa kukwaruza, na shashi hawakai juu ya kichaka bila kazi. Nilimshika mkoba akarudi nyuma. Dume lilinyanyuka, likatutazama, likaondoka zake. Hakuna kilichotokea, lakini mimi sikulala vizuri usiku ule.

Kwa hiyo, ukitembea, weka lenzi kwenye urefu unaoutaka kabla hamjaanza kwenda, kwa maana hakuna nafasi ya kubadilisha lenzi njiani. Zima mlio wa kamera kama kamera yako inaruhusu. Tembea kwenye mstari na usibaki nyuma. Anayebaki nyuma ili apate picha moja zaidi huwagawa watu makundi mawili, na askari ana bunduki moja. Ukiona nyati amesimamisha kichwa juu, pua mbele, anakuangalia juu ya pua hiyo bila kutafuna, picha moja inatosha, kisha sikiliza askari anasemaje. Na kabla ya kuhama hata hatua moja kwa ajili ya tawi, uliza.

Kuhusu Ngurdoto, watu wengi huja wakiwa wamesikia kwamba kreta ile ina nyati wengi, na ni kweli, lakini hairuhusiwi kushuka ndani. Utasimama ukingoni na kuwaona kama punje za pilipili manga. Usipoteze asubuhi yako pale kwa ajili ya nyati; nenda Serengeti Ndogo, ule uwanja ulio karibu na lango la Ngurdoto, mapema kabla magari hayajawa mengi.

Mgeni wa Lerai

Shikamooni wazee wangu, na asanteni wote. Nimerudi juzi, na nimeona ni deni kuleta taarifa.

Lenzi sikununua. Arusha tuliingia langoni saa kumi na mbili na nusu, na kulikuwa na mawingu mazito kiasi kwamba mke wangu alisema tumepoteza fedha. Nyati kumi na mmoja walikuwa Serengeti Ndogo, karibu na barabara. Nilijumlisha theluthi mbili kama alivyoshauri Mama Mbega, na kwa mara ya kwanza niliona kwenye kioo cha kamera kwamba nyati si mweusi: ndama ana wekundu wa kahawia, majike wana kahawia iliyokolea, na weusi wenyewe ni wa madume tu, tena umejaa udongo. Mawingu yale yalikuwa baraka, maana hapakuwa na kivuli kikali chini ya pembe na macho yote yalionekana. Matembezi ya Tululusia tulikwenda, na kulikuwa na tawi. Nililiacha tawi mahali pake.

Tarangire ndiko nilikofanya kama alivyosema Njia ya Vumbi. Nilizungumza na dereva usiku wa kabla, akanishangaa kidogo, kisha akafurahi. Siku ya pili tulifika Silale saa kumi jioni, tukamkuta dume mmoja mzee ametoka kwenye matope, tukazima injini. Magari manne yalisimama, yakaangalia, yakaondoka kutafuta simba. Sisi tulikaa dakika hamsini. Matope yalianza kumkaukia na kupasuka vipandevipande, kama rangi ya ukuta inayobambuka, na kila alipotingisha ngozi kufukuza nzi kipande kimoja kilidondoka. Shashi mmoja alimtambaa kutoka shingoni, akapita juu ya ile kofia ya pembe, akateremka usoni kichwa chini miguu juu, kisha akaingiza mdomo wake mwekundu ndani ya tundu la pua. Nyati alifumba jicho moja. Nilipiga picha saba na katika mojawapo ya hizo jicho lililobaki wazi lina cheche ya jua. Mwanangu ameitambua bila kuambiwa.

Nina swali moja lililobaki. Mwishoni kabisa, jua likiwa limeshuka, yangeyange alitua mgongoni mwa dume huyohuyo alipokuwa amesogea karibu sana na gari, amejaza fremu nzima. Ilikuwa iwe picha bora ya safari yote. Yangeyange ametoka kama kipande cha karatasi nyeupe, hana hata unyoya mmoja, na nyati amekuwa wa kijivu. Faili ghafi nimeifungua na hakuna cha kuokoa. Kosa ni la nini?

Lenzi Kuukuu

Hongera kwa lile jicho, ningelitundika sebuleni.

Kuhusu yangeyange, angalia taarifa za picha hiyo kwenye kompyuta, pale panapoandikwa marekebisho ya mwanga. Nadhani utakuta bado imeandikwa kujumlisha theluthi mbili, ile ya asubuhi ya mawingu kule Arusha.

Mgeni wa Lerai

Nimeangalia. Ndivyo ilivyo.